Dozi Iliyofichwa

Apolonia aliapa moyoni kwamba hatataja Iringa. Miaka minne nyuma alitibiwa huko saratani ya matezi, akapona, akarudi kwake Mafinga. Sasa matezi yalikuwa yamevimba tena. Alihamia kwa binti yake Mbeya, na hospitalini akajiandikisha kama mgonjwa mpya. Jirani yake wa Mafinga, Eveline, aliporudiwa na ugonjwa aliambiwa ile dawa nyekundu waliyotibiwa nayo wote wawili haitolewi mara ya pili. Haikupita miezi mitatu wakamzika.

"Mama, una hakika hujawahi kutibiwa saratani popote?" Ambokile, mfamasia, aliuliza kwa mara ya pili.

"Sijawahi, mwanangu."

Nesi Blandina alishika bomba la sindano lenye dawa nyekundu kama juisi ya choya, akaliunganisha na mpira mkononi mwa Apolonia.

"Ukienda chooni usishtuke, mama. Mkojo utakuwa mwekundu."

"Najua. Kesho yake unakuwa safi."

Kidole gumba cha Blandina kiliganda kabla ya kusukuma dawa. Ambokile aligeuka taratibu.

"Umejuaje?"

Apolonia akatazama sakafu.

"Chomoa, Blandina," Ambokile alisema, kisha akachuchumaa mbele ya mgonjwa. "Mama, dawa hii hujipenyeza kwenye DNA, nyuzi zenye maagizo ya uhai wa seli, ikakwama humo kama kabari kwenye gogo. Seli ya saratani inashindwa kuzaana, inakufa. Lakini inaumiza na moyo, na moyo hausahau. Dozi za zamani zinajumlishwa na za leo. Ulipata mizunguko mingapi ya dawa hii?"

"Minane." Machozi yalimtoka. "Ningesema, ungenipa?"

"Hii, nisingekupa."

"Ndiyo maana sikusema!"

Walipiga simu Iringa, faili likathibitisha. Kipimo cha moyo kikaonyesha tayari unasukuma damu kwa unyonge. Dozi ya asubuhi ile ingeweza kuuangusha.

"Ipo nyingine," Ambokile alimwambia, "ya madini ya platinamu. Nayo inaishika DNA, ila inazifunga nyuzi zake pamoja. Itasumbua figo, kwa hiyo utawekewa maji mengi."

"Eveline hakuambiwa kuna nyingine."

Ambokile alichukua faili akampelekea daktari aidhinishe.

Jumatatu iliyofuata Apolonia alilazwa, akaanzishiwa ile ya platinamu pamoja na vidonge vya moyo. Alitapika siku mbili mfululizo. Kufikia mzunguko wa tatu matezi ya shingoni yalikuwa yamenywea nusu, na daktari akasema wamalize wa nne kwanza ndipo waseme kama anapona.