Mmarekani wa Kalenda ya Chooni

Sjraar alipoitupa chupa ya sosi ya nyanya kwenye pipa la taka, Fien mkewe alingoja atoke jikoni, akaiokota, akaipangusa, akasoma maandishi madogo ya nyuma. Kisha akamfuata sebuleni.

"Mzee, hii imetengenezwa hapahapa Uholanzi. Mwendo wa saa moja na nusu kwa gari."

"Jina lake ni la Kimarekani."

"Na hiyo jinzi uliyovaa?"

Sjraar aliitazama suruali yake kama aliyevishwa na mtu mwingine. "Hii ya kazi," akasema.

Kazi yenyewe alikuwa ameshastaafu. Alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, na sasa hana paa tena la kupanda, ana televisheni tu. Tangu majira ya baridi, kila jioni habari zikianza, alivuta kiti karibu nayo na kujibizana nayo. Televisheni ikisema Marekani imechoka kuilinda Ulaya, yeye anauliza nani aliiomba. Ikisema wakubwa wa kule wanawaona watu wa Ulaya kama wala vya bure, anasimama kabisa.

"Miaka themanini tunaitana ndugu," alikuwa akiiambia. "Leo tumekuwa mashemeji waliokuja harusini wakasahau kuondoka."

"Punguza sauti, hawakusikii," Fien alimwambia huku anafuma soksi.

Fien hakuwa na shida na habari za dunia. Shida yake ilikuwa Orrin.

Orrin Tackett alikuwa askari wa Kimarekani aliyeuawa vitani mwaka 1944, hajatimiza miaka ishirini na miwili. Alizikwa na wenzake juu ya kilima, dakika kumi kwa baiskeli kutoka kijijini kwao Hoograde. Kila kaburi pale lina familia ya wenyeji inayolilea, na mzazi akifa humrithisha mwanawe, vilevile anavyomrithisha saa ya ukutani. Mamake Sjraar alimchukua Orrin vita vilipokwisha. Mama alipofariki, Orrin akaandikishwa kwa jina la Sjraar, na Sjraar akamkabidhi mkewe ndoo na maua. Kwa hiyo ni Fien aliyekipanda kile kilima miaka thelathini na minane. Alijua msalaba wa Orrin unaingia kivulini saa ngapi. Alijua jirani yake wa kushoto hutembelewa na nani. Na mambo ambayo hakumwambia padri wala dada yake, mengine aliyaacha pale.

Sasa fomu ya kuliachia kaburi la Orrin, lipewe familia nyingine, ilikuwa juu ya kabati, chini ya sanamu ya bata. Sjraar alikuwa ameijaza yote. Ilibaki sahihi.

"Mimi sina ugomvi na marehemu," Sjraar alisema. "Lakini nao wajue tumechoka kutukanwa."

"Nao kina nani? Orrin kakutukana lini?"

"Fien, usinichanganye."

"Sawa. Ila ukishatia sahihi, kamfute mwenyewe kwenye kalenda. Mkono wangu haumfuti."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Sjraar alichukua kalamu, akaingia kile choo cha chini ya ngazi, mahali kalenda ya siku za kuzaliwa inapotundikwa, ikimkodolea macho anayekaa. Alikaa humo mpaka kahawa yake ikapoa. Alipotoka alisema kalamu imekauka. Baadaye Fien aliijaribu kalamu ileile kwenye karatasi ya mambo ya sokoni. Iliandika vitunguu, siagi, unga, na ingeandika na mengine kama angekuwa na haja. Fomu nayo ikabaki chini ya bata, bila sahihi.

Netta wa nyumba ya pili ndiye aliyekuwa hatulii. Jina lake lilikuwa na miaka kumi na moja kwenye orodha ya wanaosubiri kupewa kaburi, maana makaburi yote yana wenyewe na hakuna anayeyaachia. Alikuwa anapita kila siku.

"Nimepita tu, jirani. Barua imeshapostiwa?"

"Bado."

"Wala siulizi kwa ubaya. Nimenunua chombo cha maua tu, kilikuwa kizuri dukani."

"Umenunua cha kwako au cha Orrin?"

"Jamani Fien, kwani chombo kina jina?"

Alhamisi ukaja ujumbe. Mjukuu wa mdogo wake Orrin, binti anayeitwa Kelsey, alikuwa safarini Ulaya na angependa kuliona kaburi. Angefika Jumamosi, kwa siku moja tu. Fien akaenda kutafuta unga. Sjraar naye akainuka, kwa sababu nyingine.

"Afadhali," alisema, akaitoa fomu chini ya bata na kuikunja mfukoni mwa shati. "Nitaitia sahihi mbele yake. Ujumbe utafika kwao bila stempu."

Fien akakanda unga wa vlai, pai ya matunda ya kwao, ya cheri. Alikanda muda mrefu kuliko unga ulivyohitaji.

Kelsey alikuwa binti mrefu mwenye viatu vya kupandia milima, na alicheka kabla hajajua kinachochekesha. Aliwaletea kofia mbili kutoka Kentucky. Sjraar alisema asante, akaziweka mbali kidogo na kiti chake. Fien akakata vlai, akamwekea mgeni kipande kikubwa.

"Karibu, mwanangu. Kula, halafu tutapanda huko juu."

"Kabla ya kupanda," alisema Sjraar, na Fien akaona mkono wake unagusa mfuko wa shati. "Nikuulize, binti. Kwenu wanasema sisi tunakula vya bure?"

Kelsey aliacha uma. Uso ukamwiva.

"Babangu anasema hivyo, mzee."

"Anamwambia nani?"

"Televisheni. Kila jioni anavuta kiti, anaongea nayo. Mama humwambia apunguze sauti."

Fien aliinamia kikombe chake akanywa kahawa isiyokuwemo. Sjraar alikohoa.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nina miaka ishirini na sita na naomba kwenda chooni," alisema Kelsey.

Alikaa sana. Fien alihesabu magari matatu yakipita barabarani. Sjraar aliitoa fomu, akainyoosha juu ya meza, akafungua kalamu.

"Angalau mwache mtoto amalize kula," Fien alisema taratibu.

"Nangoja aje tu."

Mlango wa chini ya ngazi ukafunguka. Kelsey akatokea akiwa ameikumbatia kalenda, na msumari wake umo bado kwenye kitundu. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini si kwa kilio peke yake. Alionekana pia kama mtu aliyekanyagwa mguu kwenye foleni.

"Samahani," alisema. "Babu yetu Orrin yuko chooni."

Sjraar, mtu aliyetembea juu ya mapaa miaka arobaini bila woga, akashika ukingo wa meza.

"Si hivyo unavyodhani," alisema.

"Hapa, Machi kumi na tisa. Orrin, elfu moja mia tisa ishirini na tatu. Mbele ya tangi la maji."

"Wote wako chooni," alisema Fien. "Angalia. Machi mbili, dada yangu. Kumi na moja, binti yetu aliye Kanada. Ishirini na tano, padri. Hiyo ndiyo sehemu kila mtu anakaa na kusoma. Ukiiweka sebuleni nani ataiona? Unamsahau shangazi siku yake, mwaka mzima hasemi nawe."

Kelsey aliirudia kalenda polepole, jina kwa jina, kidole kikifuata.

"Hizi alama za msalaba?"

"Waliofariki."

"Orrin hana."

Mwandiko wa kalenda ile haukuwa wa Fien. Ile ya mama mkwe ilipochakaa, miaka ishirini iliyopita, Sjraar ndiye aliyenakili majina yote kwenye mpya. Alimwekea msalaba mjomba, akamwekea mama yake mwenyewe, akafika kwa Orrin akapita.

"Niliona…" Sjraar alianza. "Mama hakumwekea. Mimi nani nimwekee?"

"Na hili doa?" Kelsey akainua kalenda karibu na dirisha. "Pembeni ya jina. Kama mtu alitua kalamu akaiinua."

Fien akamtazama mumewe. Mumewe akaitazama dari.

"Nzi," alisema Sjraar.

"Nzi wenu wana wino?"

"Wa huku ndivyo walivyo."

Fien alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ubavu. Kelsey naye akacheka, na alipomaliza akanyoosha mkono kuomba kalamu iliyokuwa mkononi mwa Sjraar. Sjraar akampa kabla hajafikiri. Binti akafungua mwezi wa Novemba.

"Ngoja kwanza," alisema Sjraar. "Unafanya nini?"

"Najiandika. Novemba nne."

"Binti, hiyo si picha ya ukumbusho. Ukiingia humo ni kazi. Sisi tutakutumia kadi kila mwaka, na wewe utatutumia. Sitaki habari ya shughuli nyingi, sitaki habari ya nilipitiwa. Februari sita unanipigia simu."

"Na kama tumegombana? Nyie na sisi?"

Sjraar aliichukua kalenda, akafunua Agosti, akagonga jina moja kwa ukucha.

"Huub. Ndugu yake huyu Fien. Hatujaelewana tangu tulipojenga ukuta wa bustani, hata watoto wetu hawajazaliwa. Kila Agosti namtumia kadi."

"Kadi gani?"

"Fupi."

Kelsey akaandika jina lake, herufi kubwa zilizovuka mstari hadi siku ya tano, siku ya Netta. Kisha akauliza, sasa yeye atazijuaje hizi siku zao akiwa Kentucky? Apige picha?

"Picha inapotea ndani ya simu," alisema Sjraar. Akapapasa mezani kutafuta karatasi. Mtu huyu hakuwahi kupoteza karatasi yenye upande mmoja mweupe tangu aanze shule. Mkono ukaiona ile iliyonyooshwa mbele yake, ukaipindua, na yeye akaanza kuandika: Sjraar, Februari 6. Fien, Juni 30. Mtoto wa Kanada, Machi 11. Alifika nusu ndipo mkono ukasita. Fien alijua mumewe ameona maneno ya fomu yakichungulia kwa nyuma. Akayakusanya makombo ya vlai pale kwenye sahani, moja moja.

Sjraar akaendelea kuandika. Huub, Agosti 17. Orrin, Machi 19, jina hilo akalipigia mstari.

"Weka vizuri," alimwambia Kelsey akimkabidhi. "Na babako mwambie hapa hakuna cha bure. Hata vlai ni vipande viwili tu, cha tatu unaosha vyombo."

Kelsey alikula vitatu na akaosha vyombo. Walipokuwa wanavaa makoti ya kupandia kilimani, mlango ukagongwa. Ni Netta, kashika chombo cha maua kilichofungwa kwenye gazeti.

"Nimepita tu. Barua imepostiwa?"

"Imeondoka," alisema Fien. "Inakwenda Marekani."

Netta akageuza macho kutoka kwa mmoja hadi mwingine, mwisho akayatua kwa binti mwenye viatu vya milimani.

"Hicho chombo kilete," Sjraar alimwambia, akijifanya anatafuta ufunguo. "Cha Orrin kina ufa. Twende wote, ila baiskeli yako utamwachia huyu mgeni, wewe kaa nyuma yangu."

Akatoka nje. Upepo ulikuwa wa baridi, naye hana nywele nyingi. Fien alimwona anarudi ndani haraka, anachukua moja ya zile kofia za Kentucky pale alipoziweka mbali, na kuishusha hadi masikioni.

"Hii ya kazi," alisema, kabla mkewe hajafungua mdomo.