Tyubu Arobaini

Syntiche alitoa tyubu ya kwanza kwenye friza ya maabara, akasita. Damu ilikuwa imeganda upande, kama ya chupa iliyolazwa. Naye miezi mitatu iliyopita alizisimamisha tyubu zote arobaini wima.

"Papa Symphorien! Nani aligusa damu?"

Mzee mlinzi akavua kofia. "Mutoto yangu, ilikuwa komunyo ya mujukuu. Courant ya taa ilikatika kwetu Kampemba yote, huku groupe yetu ya mafuta inatembea. Niache samaki za karamu zioze na frigo iko hapa? Nililaza bitube byako pa meza siku mbili tu, kisha nikabirudisha. Si biliganda tena?"

Siku mbili, katika joto la Oktoba!

Tyubu thelathini na tisa zilikuwa za wachimbaji wa Kipushi waliovuta vumbi la madini miaka mingi. Jumatatu, katika kesi yao dhidi ya mgodi, hakimu angetaka ushahidi, na ushahidi wao ulikuwa huo tu: kwamba vumbi limedhoofisha katalasi, kimeng'enya kinachovunja sumu ambayo mwili huizalisha wenyewe. Unatia tone la damu katika sumu hiyo, unapitisha mwanga. Katalasi ikiwa nzima, namba ya mashine huporomoka. Ikiwa imekufa, namba hujikokota. Kinachoandikwa ni kasi ya kuporomoka huko. Lakini imekufa kwa vumbi au kwa joto la mezani, mashine haisemi.

Tyubu ya arobaini ilikuwa damu yake mwenyewe, ya kulinganishia. Hiyo peke yake aliwahi kuipima ikiwa mbichi, kabla taa ya mashine haijaungua. Siku ile kasi ilikuwa themanini. Aliiyeyusha sasa, akaipima. Thelathini. Akarudia. Ishirini na nane. Akarudia tena, midomo ikisali. Thelathini.

"Lakini si ulikuwa unatafuta namba za chini?" Symphorien aliuliza kwa upole. "Hizi njo za chini. Andika."

"Papa, hata mimi niko chini! Mimi nilishuka mugodi gani?"

Mama Albertine alikuwa akingoja ukumbini tangu asubuhi, kwa niaba ya familia zote. Mumewe, Djo, alitoa damu pamoja na wenzake. Wiki tano zilizopita walimzika. Syntiche alipiga magoti mbele yake.

"Maman, damu iliharibika. Yote. Bengine tutabatosha damu tena."

"Na Djo?"

"Ya Djo ilikuwa ile tu."

"Basi andika ya Djo peke," Mama Albertine alisema, akimshika mkono. "Moja tu. Yeye hatakubishia."

"Siwezi, Maman. Kwa hakimu bakijua moja iko uongo, batakataa na za bengine."

"Vumbi njo ilimumaliza. Unajua?"

"Najua."

"Unajua, na hauwezi kuandika."

Mama Albertine akaachia mkono, akafunga upya kitenge chake kiunoni, akaenda kutafuta gari la kurudi Kipushi.