Gundi kwenye Geti la Ubalozi

Mlinzi aliwaambia warudi nyuma ya mstari mweupe. Kivuli cha ukuta kiliishia hapo hapo mstarini, kwa hiyo hata kivuli kilikuwa na wenyewe. Mama mfuaji nguo akarudi juani pamoja na tarishi wa mahakama, aliyeshika hati ya kumwita ofisa mkubwa wa ubalozi aje ajibu kesi. Ofisa huyo, akiendesha mwenyewe, alimgonga binti wa mfuaji kando ya barabara na hakusimama. Binti yuko hospitali, nyonga imevunjika, na kila mara mama yake akiingia, yeye huuliza kama yule mtu ameshaitwa.

Mlinzi, jirani wa mfuaji huko mtaani, alisema bwana hayupo. Kicheko cha bwana kilisikika barazani, na mpira wa bustani ulikuwa unanywesha nyasi maji ambayo mabomba ya mtaani kwao yameshayasahau.

"Shemeji, nikipokea hiyo karatasi, kesho nami niko huko nje na nyinyi," mlinzi alisema chini chini.

Tarishi alikuwa na dawa ya wanaojificha. Kwa watu wa kawaida, mtu akikataa kupokea, hati hubandikwa mlangoni kwake na sheria inahesabu ameipata. Akatoa gundi mfukoni, akaibandika hati getini, akaipapasa kama anayembembeleza mtoto alale. Mfuaji akaenda kumwambia bintiye: ameitwa.

Hakimu alipandwa na hasira. Lile ni geti la dola ya watu, alisema, halibandikwi makaratasi kama kibanda cha mkaa. Hati hupitia wizara ya mambo ya nje. Kesi akaitupa. Wizarani, karani mwenye tai hakumpa mfuaji kiti. Alimweleza kwamba wao huuandikia ubalozi kwa heshima, kuuliza kama mhusika yuko radhi kushtakiwa. Mfuaji akauliza kama yupo aliyewahi kuwa radhi. Karani akakohoa.

"Mama, yule ana kinga."

"Basi mngempa na binti yangu. Gari lisingemvunja."

Karani akasema maneno ya namna hiyo ndiyo yanayoharibu uhusiano. Ubalozi umeshalalamika geti limechafuliwa, serikali imeshaomba radhi, tarishi ameshasimamishwa kazi. Ilibaki gundi. Aioshe mwenye kesi, kwa kuwa kuosha ndiyo kazi yake. La sivyo atashtakiwa yeye, na hati yake haitahitaji kupitia wizara yoyote.

Akachuchumaa getini na sabuni yake mwenyewe. Honi ikalia nyuma ya geti. Alisogea, gari likatoka taratibu, kioo kimeshushwa, ofisa anacheka na simu. Angenyoosha mkono angemgusa shavu. Mkononi alikuwa na dodoki, povu linamchuruzika hadi kiwikoni.

Ofisa aliliona povu, akapandisha kioo.

Mlinzi alingoja gari lipotee, akainama kukagua.

"Hapo chini bado, shemeji."