Theluji Isiyojua Kiangazi

Uvumi ulimfikia Fridah jikoni kwa madam wake, mtaa wa Ruwais, Jeddah, akichambua mchele. Aliyeuleta ni Maryann wa nyumba ya jirani. Alisema kule Riyadh kuna jumba la theluji, na theluji hiyo imemla kijana mmoja Mkenya vidole. Jina la kijana hakulijua. Fridah akamwambia aache porojo, akaendelea na mchele wake, lakini siku hiyo wali ulitiwa chumvi mara mbili na madam akauliza kama yuko sawa.

Hakuwa sawa. Alvin, mwanawe wa pekee, alikuwa akifanya kazi kwenye jumba hilohilo. Na siku hizi akipiga simu, alipiga ya sauti tu, bila video. Kila Fridah alipomwomba ajionyeshe, kijana alisingizia mtandao.

Basi akaomba ruhusa, akapanda basi la kwenda Riyadh na chapati zake kwenye mkoba, akaomba Mungu njia nzima. Nia yake ilikuwa moja: kumtoa mtoto mle akiwa na vidole vyake vyote.

Barasa, anayeishi chumba kimoja na Alvin mtaa wa Al-Sulay, Riyadh, ndiye aliyempokea, akampeleka moja kwa moja kazini kwao kabla jumba halijafunguliwa. Njiani alimtania kwamba mathe amebeba chapati za kulisha mtaa mzima, lakini alipoulizwa habari za Alvin akaangalia nje ya dirisha.

Nje jua lilikuwa linachoma hadi lami inanata. Wakampa jaketi nzito, glavu na viatu vikubwa kama vya askari. Mlango wa kwanza ukafunguka, wa pili ukafunguka, na Fridah akasimama.

Alizaliwa Kirinyaga. Tangu utoto aliuona weupe wa mlima asubuhi, mbali kule juu, kabla mawingu hayajaufunika, na akakua akijua ule si weupe wa kuguswa na mtu. Sasa ulikuwa chini ya viatu vyake, ukilia kama sukari inayokanyagwa. Kilima kizima cheupe kilipanda hadi karibu na paa. Kutoka juu, mabomba yalikuwa yanapumua ukungu, na ukungu ule kabla ya kufika chini ulikuwa umeshageuka theluji. Chembe moja ikatua kwenye kope yake. Akavua glavu, akakinga kiganja kama mtu anayepokea baraka, na kwa muda akasahau kabisa alichokuja kufanya.

"Bismillah, karibu, mama," alisema msimamizi wa mitambo. Aliitwa Yassir, Mzanzibari, aliyejifunza kazi hiyo kwenye milima ya Ulaya. Alimweleza kwa upole wa kwao. Huko Ulaya, alisema, majira ya theluji yamefupika. Ikichelewa kuanguka, hoteli zinalala tupu, kwa hiyo wanaitengeneza kwa mabomba ili wafungue mapema na wafunge kwa kuchelewa. Kila siku wanayoongeza ndiyo faida yao. Lakini jua likikaza, hata mabomba hushindwa. Wanafunga, watu wanakwenda makwao.

"Hapa tumelifungia jua nje. Maji yanatoka baharini, yanatolewa chumvi, yanavushwa jangwa, ndipo yawe theluji. Na joto likizidi ndipo watu wanamiminika. Pesa inaingia mlango wa mbele, umeme unaitoa mlango wa nyuma, ndiyo maana hatuthubutu kufunga. Sisi majira yetu hayana mwisho."

Fridah aliyatazama yale mabomba. Binadamu amelishinda jua, aliwaza, na mwili ukamsisimka. Kisha akauliza, "Na hawa vijana? Huko Ulaya wanakwenda makwao. Wa hapa wanapumzika lini?"

Hapo Alvin akatokea nyuma ya kilima na koleo, akamkumbatia mama yake kwa mkono mmoja. Wa pili ulibaki mfukoni.

"Toa mkono, Alvin."

"Mum, si tuongee baadaye."

"Toa."

Vidole viwili vilikuwa vimefungwa bendeji, nayo ilikuwa imelowa.

Akaeleza akiangalia chini. Vidole vilikufa ganzi akichota theluji, akakimbilia chumba cha mitambo, akashika lile bomba la moto linalotoa joto la mitambo nje. Wote hufanya hivyo. Nyumbani ukishikwa na baridi si unakimbilia jiko?

"Sikusikia moto, mum. Nilisikia harufu."

"Harufu ya nini?"

"Yangu."

Daktari alikuwa amesema vidole vitapona vikikaa pakavu, mbali na baridi. Alvin aliyaficha hayo, akarudi kwenye theluji, akihofia kafili, mwajiri anayeshikilia kibali chake, akijua atasema halas, basi, rudi kwenu.

Fridah hakulia. Alimgeukia Yassir, ambaye tayari alikuwa anasema likizo za shule zimekaribia, watu hawatoshi.

"Baba, theluji yenu ikiyeyuka leo, kesho mtatengeneza nyingine. Nimeona, na nimeshangaa. Hivi vidole mtavitengeneza kwa bomba gani?"

Yassir aliitazama bendeji. Kisha akamvua Alvin shingoni kitambulisho cha kuingilia kwenye theluji, akamhamishia kaunta ya kugawia wageni viatu, kwenye joto, mpaka daktari atakaposema vinginevyo. Kwa kafili, alisema, atakwenda mwenyewe leo hii.

Na kwa kuwa jumba lilikuwa halijafunguliwa, akawaita vijana wengine. Fridah akawagawia chapati, akawauliza nani mwingine ameshika lile bomba. Wingi wa mikono iliyoinuka ulimtisha. Akamwambia Barasa alete kadibodi na kalamu, akamtajia ya kuandika, Yassir akiongeza aliyojifunza Ulaya, wakaibandika kwenye mlango wa mitambo:

Usishike bomba la moto ukiwa na ganzi.
Usitie mikono kwenye maji ya moto.
Usisugue kidole kwa theluji.
Usivue glavu kwa ajili ya simu.
Usivae glavu wala soksi mbichi.
Usiingie kwenye theluji peke yako.
Usifiche kidole kilichobadilika rangi.
Usirudi kwenye baridi kabla kidonda hakijapona.