Fenilalanini kwa Herufi za Chuoni

Fauzia alirudi Msambweni akiwa mjane wa miaka thelathini na mmoja, ameshika mkono wa binti yake, na kichwani ana neno ambalo nyumbani kwao hakuna aliyeweza kulitamka.

Neno hilo alilipata Maskati. Yusra alikuwa na siku nne tu duniani wauguzi walipomchoma kisigino, wakakamulia matone ya damu kwenye karatasi. Wiki iliyofuata Fauzia na mumewe, Feisal, waliitwa hospitali. Daktari aliwaandikia: fenilalanini. Akawaeleza kwamba nyama, samaki, mayai, maziwa na maharagwe vina protini, na protini imetungwa kwa asidi amino kama shanga zilivyotungwa kwenye uzi. Aina za shanga hizo ni kama ishirini, na fenilalanini ni mojawapo. Mwili wa mtu huitumia kidogo, inayobaki huigeuza kuwa kitu kingine. Mwili wa Yusra hauwezi kuigeuza. Hurundikana katika damu mpaka ikaudhuru ubongo, na mtoto hupumbaa polepole huku akionekana mzima.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkaa Fauzia moyoni.

Feisal alifariki katika ajali ya gari Yusra alipotimiza miaka sita, nao wakarudi kwa mama yake Fauzia, Bi Mwanatumu, aliyekuwa akipika mahamri na mbaazi za nazi na kuwauzia majirani kila asubuhi. Makopo ya unga wa Yusra, ule uliompa protini isiyo na ushanga wake mbaya, yaliendelea kuletwa na shemeji kutoka Maskati.

"Feni, lala, nini?" Bi Mwanatumu aliuliza siku ya kwanza. "Feni ninaijua, kulala ninakujua. Hiyo nini ndiyo nini?"

Wanawake waliokuja kumpa Fauzia pole walicheka. Fauzia naye alicheka, siku ile.

Kisha ikaja harusi ya Tiwi. Alikwenda na hotipoti ya Yusra: muhogo, kiazi kitamu na wali kidogo aliokwisha kuupima. Shangazi yake akaisukuma kando. "Mtoto aje harusini ale muhogo?" Akamwekea paja la kuku. Fauzia aliliondoa lile paja mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo habari za harusi zilimfikia zimekwisha kupita. Baadaye akaacha hata kuuliza.

Yusra alipofika miaka minane, mwalimu wake alimwita Fauzia. Mtoto anasahau, alisema, na mara nyingine hukodolea macho ukuta mpaka aguswe bega. Shule zilipofungwa kwa likizo, Fauzia alimpeleka Ukunda kwa Winrose, mtaalamu wa lishe aliyetoka bara, ambaye peke yake eneo lile alilijua neno bila kuelezwa. Damu ikapelekwa Nairobi. Majibu yalipofika, Winrose alimwita Fauzia ofisini peke yake.

"Mama Yusra, imepanda karibu mara tatu. Kuna kitu anakula na wewe hujui."

"Chakula chake ninakipima mwenyewe kwa mizani."

"Basi kuna mtu mwingine anampa."

Alifika nyumbani saa tano asubuhi, wakati hakutazamiwa. Uani, nyuma ya jiko, Bi Mwanatumu na Yusra walikuwa wameketi kwenye mkeka mmoja, tafi wa kukaanga kati yao. Bibi alikuwa akitoa miba na kumtilia mjukuu mnofu kiganjani, na wote wawili wanacheka. Fauzia alisimama mlangoni. Hakukumbuka mara ya mwisho aliposikia mwanawe akicheka hivyo.

"Mama, tangu lini?"

Bi Mwanatumu hakumficha. "Tangu mlipokuja. Mtoto wa pwani asijue ladha ya samaki? Nilimwonea huruma. Mbona hajafa?"

"Hafi, mama. Anapotea."

"Mimi hilo neno silijui, Fauzia. Mnalijua nyinyi na watu wa hospitali."

Fauzia aliingia ndani akatoka na kalamu na karatasi. Mama yake hakupata kusoma shule, lakini chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, alisoma, na barua zake zote maishani aliziandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Fauzia akaliandika neno kwa herufi hizo, akatia irabu zote. Mama akavaa miwani na kusoma kwa kidole, silabi moja moja, mpaka mwisho.

Kisha Fauzia akamletea pakiti ya chingamu isiyo na sukari iliyokuja katika mzigo wa shemeji, ambayo alikuwa ameificha kabatini. Mgongoni palikuwa na maandishi ya Kiarabu, madogo kama chawa. Bi Mwanatumu aliisogeza pakiti kwenye mwanga, akawa anaangalia karatasi, anaangalia pakiti.

"Limeandikwa na hapa," alisema.

"Ndiyo. Wanawaonya watu kama Yusra."

"Kwani wako wengine?"

"Wako, mama. Wachache, lakini wako."

Bi Mwanatumu aliishika ile pakiti kwa mikono miwili. "Nami nilimpa kwa mkono wangu," alisema. Kisha akauliza, "Kilichopotea kitarudi?"

"Sijui."

Yaliyofuata Fauzia hakuyatarajia. Mama yake aliingiwa na hofu. Alihamishia upishi wake kwa jirani. Hakugusa sahani ya Yusra wala sufuria yake, na kabla ya kumshika mtoto alinawa mikono kwa sabuni mara mbili tatu. Mwishowe akaacha kumshika.

"Nimemkosea nini Bibi?" Yusra aliuliza. "Haniiti tena uani."

Hapo ndipo Fauzia alipoelewa. Samaki yule ndiye aliyekuwa chakula pekee ambacho mwanawe alikula pamoja na mtu. Yeye mwenyewe, tangu Feisal alipofariki, alimlisha Yusra kama anayetoa dawa, amesimama na mizani, kisha akala chake jikoni, amefunga mlango, ili mtoto asione.

Ijumaa ile alichemsha muhogo, akapima fungu la Yusra na kuliweka upande mmoja wa sinia, upande wa pili akaweka lao, na kachumbari ya nyanya na ndimu katikati. Akamwita mama yake. Bi Mwanatumu akasimama kizingitini.

"Imo humo?"

"Imo kidogo, kiasi anachokihitaji. Njoo uketi."

Aliketi mbali kidogo na sinia, kama mgeni. Alikula matonge mawili. "Muhogo haukukolea chumvi," alisema, na Yusra akainuka kuileta.

Baada ya miezi miwili damu ilipimwa tena. Fenilalanini ilikuwa imeshuka, ingawa haikufika pale Winrose alipopataka. Mwalimu alisema Yusra hakodolei tena macho ukuta, ila hesabu bado zinamshinda, na hakuna aliyeweza kumwambia Fauzia kama ni kwa sababu ya samaki au ndivyo alivyo.

Siku ya Iddi ukoo wote ulikutana Tiwi. Bi Mwanatumu alialikwa peke yake, naye akajibu kwamba hatakwenda. Yusra alivaa gauni jipya. Walikula mapema, wakafungua mlango wa mbele na kuketi barazani wote watatu, wakisikiliza watu wakipita kwenda kwa jamaa zao.