Damu kwenye Nguo ya Saba

Mimba ilipofika miezi saba, mama mkwe wangu, Bu Sarjilah, aliniogesha uani kwa maji ya maua mbele ya majirani, kwa mila yetu ya Kijava, kisha akaanza kunibadilisha nguo za batiki. Kwa kila nguo wanawake husema, "Haijakupendeza," mpaka ifike ya saba. Majirani zangu hawakupata shida, kuwasema watu wamezoea.

Ya saba wakakubali imenipendeza. Ndipo nikahisi kitu cha moto kinashuka mapajani. Kutazama chini, wekundu umeshafika kwenye pindo, umechanganyika na maua ya waridi yaliyonigandia miguuni.

"Mama, natoka damu."

"Nguo mpya hiyo, imelowa, inachuja," akasema, huku anawachekea wageni. "Usiniharibie shughuli, Wuryani."

"Rangi ya nguo haina joto, mama."

"Nyamaza, utaita balaa."

Mume wangu, Pamuji, alikuwa ameshika panga apasue nazi. Aliniangalia usoni, akaweka panga chini, akaenda kuomba gari la jirani.

Hospitali daktari akanipima kwa mashine. Kondo la nyuma liko mahali pake, halijabanduka.

"Sasa damu imetoka wapi?"

"Hatujui, dada. Mara nyingine sababu haionekani. Ila watoto wa mimba za namna hii wengi huwahi kuzaliwa, na huwa wadogo. Mwanao akipunguza kucheza, uje mbio."

Kusoma kote kule, halafu hajui. Nilimchukia. Nyumbani nilikuwa nikiogopa hata kupiga chafya. Mtoto akitulia nabonyeza tumbo: cheza, wewe, mbona unanitesa? Akipiga teke nalia, asipopiga nalia. Mama mkwe ananiwekea uji mlangoni, haingii, anarudi kisimani kufua. Sikujua anafua nini kila siku.

Damu ikarudi kabla mimba haijatimiza miezi. Binti yangu akazaliwa mdogo, anaenea viganjani, na hakulia. Wauguzi wakamsugua mgongo, mimi nimeuma shuka. Kisha kikatoka kilio chembamba. Wakamlaza kwenye sanduku la joto, mbavu zinaingia na kutoka, na kila pumzi nilidhani ndiyo ya mwisho.

Siku ya tatu Bu Sarjilah akaja na nguo ya saba ameikunja. Alama ilikuwa palepale kwenye pindo.

"Nimeifua, nikaifua tena," akasema bila kunitazama. "Nilitaka nione rangi kwenye maji, hata kidogo. Maji yanatoka safi, mwanangu. Haichuji."

Nilikuwa nimemwekea maneno mengi, na makali. Kabla sijaanza, muuguzi akaja: mtoto sasa anapumua vizuri, anaweza kutolewa kidogo alale kifuani kwangu, tutafute cha kumfunika.

Mama mkwe akaificha ile nguo nyuma ya mgongo.

"Ilete hiyo hiyo," nikamwambia.