Nani Alicheka Mazikoni

Kitu cha kwanza alichokiona Sada ni vidole vya miguu vya mjomba wake. Watu wote waliokuja kumzika Bibi Mastura walikuwa wanacheka, na mjomba, Jumbe Likwata, mtoto wa marehemu, alicheka kuwashinda, kashika mbavu, machozi yanamtoka. Lakini huko chini vidole vyake vilikuwa vimeung'ang'ania mkeka kama kucha za mwewe.

Aliyewachekesha ni Tawakali. Ukoo wake na ukoo wa kina Sada ni watani tangu enzi za mababu, na hapo Kikole kila mtu alijua maana yake. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kusema lolote na kumwigiza yeyote, hata maiti, na mfiwa akinuna, aibu ni yake. Siku ile Tawakali alijifunga kilemba cha gunia, akajibandika pamba kidevuni, akachukua mwiko wa Sada ukawa kiboko. Basi akawa Akida Huseni mtupu, akida wa Wajerumani, mpaka kile kikohozi chake.

"Bibi Mastura!" aliita mbele ya jeneza. "Jina lako limo kwenye karatasi, leo zamu yako ya kulima pamba. Umekufa kwa ruhusa ya nani?"

Wanawake wakaegemeana kwa kicheko.

"Na wewe jumbe! Mtu wako kalala saa za kazi. Inama!" Akamchapa mjomba matakoni kwa mwiko. "Ishirini na tano! Lo, matako yenyewe mapana hivi, nitachoka mimi."

Sada, ambaye mbele za watu hata salamu huiitikia kwa kuinamisha kichwa, alicheka kwa sauti mpaka akajishangaa. Tangu bibi yake akate roho, hapo ndipo kifua kilipomfunguka. Mjomba akampa Tawakali jogoo kama desturi inavyotaka, wakaenda kuzika, yakaisha.

Kumbe hayakuisha. Kesho yake alfajiri mjomba alitoka peke yake, akarudi alasiri akisema ametoka kwa akida, na akida ameiruhusu nyumba yake imalize matanga bila kwenda kwenye shamba la pamba. Watu wakamshukuru sana. Siku ya tatu, wali wa hitima ukiwa jikoni, akida mwenyewe akaingia uani na askari wawili.

"Tawakali ni yupi?"

"Ni mimi, bwana. Shikamoo."

"Umeitukana serikali. Umemwita maiti kwenye pamba, umemchapa jumbe."

Ndipo Sada alipojua jana yake mjomba alipeleka habari gani.

"Nilikuwa msibani, bwana," alisema Tawakali. "Hawa ni watani zangu." Akamgeukia mjomba, bado anatabasamu. "Mwambie, mtani."

Neno moja lingetosha. Akida naye alizaliwa pwani hiihii, utani anaujua, na alisimama kama mtu anayengoja kuambiwa. Sada aliukodolea macho mdomo wa mjomba.

"Mimi sina mtani," alisema mjomba. "Wala ukoo wa mtu huyu siujui."

Watu wa Kikole walishamsikia mtu akikana mke, wakamsikia hata akikana mtoto. Kukana utani walikuwa hawajasikia.

Akida akakohoa. "Nani alicheka? Aliyecheka naye atalala chini."

Mzee Ahmadi, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyecheka mpaka kofia ikamdondoka, akasema yeye alikuwa anasoma Yasini, hakusikia kitu. Bi Maftaha, aliyegaagaa mchangani, akasema, "Sisi tulilia tu, bwana. Tuna msiba." Wengine wakadakia, tulilia, tulilia. Zamu ya Sada ilipofika, akatikisa kichwa kukataa. Shingo ilifanya yenyewe, kabla hajaituma.

Tawakali akawatazama mmoja mmoja. "Basi kweli nina kosa," alisema. "Mtani gani huyu, hata mtu mmoja hajamchekesha?"

Hakuna aliyecheka.

Walimlaza palepale lilipokuwa jeneza. Akida akamwamuru mjomba ahesabu, na mjomba akahesabu kwa sauti nzuri kama ya mwadhini, bila kuruka hata kiboko kimoja. Kufikia cha kumi na mbili, nzi walikwishajua. Kisha wakamtia Tawakali kamba shingoni, wakaondoka naye kwenda boma la Kilwa kufanya kazi ya mnyororo miezi sita. Wa Kikole waliotangulia kwenye mnyororo huo, hakuna aliyekuwa amerudi.

Watu wakanawa, wakakaa kula.

Hicho ndicho kilichomtapisha Sada nyuma ya jiko. Damu aliiweza. Kwa akida hakutarajia jingine, kiboko ndiyo kazi yake. Ila hawa, vidole ndani ya wali, wakisifu mchuzi umekolea, huku damu inakauka hatua kumi kutoka kwenye sinia! Akajifuta mdomo kwa upindo wa kaniki, akaishika shingo yake mwenyewe, akatamani kuivua kama nguo yenye kinyesi.

"Sada! Maji!"

Akachukua kata na bakuli, akaenda. Mjomba alinyoosha mikono, mafuta ya nyama yakimteremka mpaka viwikoni.

"Utani nao una mipaka," alikuwa akimwambia Mzee Ahmadi. "Siku hizi kuna serikali. Tungeangamia wote."

"Umetuokoa, jumbe," alisema Mzee Ahmadi, akipapasa mnofu kwenye sinia.

Huenda ni kweli, aliwaza Sada, na kule kuwa kweli kukazidi kumchefua. Akaishikilia kata juu ya mikono ya mjomba.

"Mbona humimini, mwanangu?"

Sauti ilimtoka ndogo, ila uani wote waliisikia.

"Mimi nilicheka, mjomba. Na wewe ulicheka, na Babu Ahmadi, na Bi Maftaha. Tulicheka sote, kwa sababu Tawakali ni mtani wetu."